Dawa Iliyoanikwa Juani

Siku hizi nikikutana na watu wa Gachoka, humsifu Mama Chanjo. Eti alikuwa mama mpole, mwenye subira, mtu wa watu. Hasira hunipanda papo hapo. Sifa hizo walizificha wapi wakati zingemfaa? Na isitoshe ni uongo. Mama Chanjo hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkali, mwenye maringo ya viatu, mdomo wake haukuwa na breki, na katika karibu kila ugomvi alioanzisha, haki ilikuwa yake. Hilo la mwisho ndilo watu walishindwa kumsamehe.

Ukitaka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, uliza mtu mwingine. Alikuwa na jina, bila shaka, lakini hata ofisini kwao Embu, nilipokwenda kumwulizia siku moja, karani alikuna kichwa nilipolitaja, kisha akang'amua. "Aa, unamaanisha Mama Chanjo? Ule wa kuku?" Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale Gachoka, naye alikuwa afisa wa mifugo wa eneo letu. Kazi yake ilikuwa ng'ombe, mbuzi, punda, kila kitu chenye miguu minne, lakini moyo wake ulikuwa kwa kuku. Tulipanga vyumba katika ploti moja nyuma ya soko, ukuta mmoja katikati yetu. Nilimsikia akisali, nilimsikia akiigombeza redio, na kila asubuhi nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

Kijiko hicho kina kisa chake. Mama Chanjo alikuwa ametuhubiria wote habari ya mayai. Alikuwa na hotuba moja aliyoitoa sokoni, kanisani, hata kwenye matanga. "Kuna bakteria wawili, ndugu wa tumbo moja," angesema. "Mmoja anaua kuku. Kilemba, hiyo nyama nyekundu ya kichwani, kinakuwa cheupe, anaharisha, anasinzia, kwisha. Huyo utamwona. Huyo mwingine ni mjanja. Anaingia ndani ya kuku, na kuku hagonjeki, anataga vizuri, unashangilia. Halafu wewe na watoto wako mnasukumana mlango wa choo." Chanjo aliyokuja nayo, alisema, ilikuwa ya yule wa kwanza, yule wa taifodi ya kuku. Yule mjanja ilimbana kidogo tu, haikummaliza, kwa hiyo yai ni lazima lichemke mpaka liwe gumu. Alisisitiza hivyo mpaka watoto wangu wa darasa la nne wakamwigiza wakati wa mapumziko.

Na kijiko? Kila asubuhi mwanamke huyo huyo alipasua yai bichi ndani ya kikombe, akatia asali, akakoroga na kumeza. Nilimfumania siku moja mlango ukiwa wazi.

"Mama Chanjo! Si ulituambia yai bichi ni sumu?"

"Niliwaambia nyinyi. Hii ni ya kuku wangu. Nimewachanja mimi mwenyewe."

"Lakini ulisema chanjo haizuii yote."

Alipangusa midomo polepole. "Mwalimu, wewe fundisha watoto. Mimi niko na soprano ya kulinda."

Na kweli, kwaya ya kanisa letu ilisimama juu ya sauti yake. Hiyo nayo nitaifikia.

Chanjo ile ilikuwa hai. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawakulielewa, na wengine hawakutaka kulielewa. Ilikuja kama unga kidogo chini ya kichupa, na ilibidi ikae kwenye baridi tangu inatoka Embu mpaka inaingia mwilini mwa kuku. Ukishaichanganya na maji yake, saa yake imeanza kuhesabika. Ikipata joto, inakufa, na ukimdunga kuku baada ya hapo umemdunga maji. Stima wakati huo ilikuwa bado haijafika kwetu. Friji ilikuwa moja tu, ya mafuta ya taa, ndani ya baa ya soko. Basi mwimbaji mkuu wa kwaya akawa anaonekana akiingia baa asubuhi na jioni, kichwa juu, viatu vinang'aa, kwenda kuangalia vichupa vyake kati ya chupa za bia. Kamati ya akina mama wa kanisa ilimwita kumhoji. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nionyesheni friji ya kanisa, nitahamia leo." Waliendelea kumsengenya, lakini chini kwa chini.

Kuku wetu walikuwa wa kienyeji, wa kulala jikoni, juu ya ghala, juu ya miti. Ukitaka kuwakamata ni alfajiri, kabla hawajashuka, maana jua likishatoka utakimbizana na kuku mmoja mpaka chakula cha mchana. Tena kichupa kimoja kilitosha kuku wa miji kadhaa, yaani maboma, na kikibaki hakiwekwi. Kwa hiyo Mama Chanjo alilazimika kuwashawishi majirani wakubaliane asubuhi moja, wakamate wote, walete pamoja. Ilimchukua miaka. Watu walikuwa wakileta majogoo na kuku wazee, wale wazuri wanawaacha nyumbani, eti tuone kwanza kama hawa watakufa. Yeye alikuwa akiwafuata mpaka mlangoni. "Na ule mweusi ako wapi? Ule wa shingo tupu, analala nyuma ya mtungi." Alijua kuku wa watu kwa sura. Watoto wao hakuwajua. Wangu aliwachanganya majina mpaka siku anaondoka.

Wa kwanza kumwamini alikuwa jirani yetu Mama Ireri, mjane wa shamba kavu lenye mawe, ambaye sare za shule, sabuni na dawa ya kifua chake zote zilitoka kwa kuku. Mama Ireri alikuwa mtu wa maneno machache. Alileta kuku wake wote siku ya kwanza, na mwaka ule taifodi ilipopita, wake walibaki wamesimama. Hapo wengine wakaanza kuja.

Nisiwafiche kwamba kuna jambo moja lililomtoa Mama Chanjo machozi ya hasira, na mimi pia hunitia hasira hadi leo. Kwetu, kuku akianza kusinzia, mtu hakimbilii dawa, anakimbilia kisu. Awahi kabla hajafa. Anachinjwa asubuhi, mchana yuko kwenye sufuria, au mbaya zaidi, yuko ndani ya kikapu kuelekea hoteli za mjini, shingo imelegea, na mwenyewe anasema amechoshwa na safari. Mara moja Mama Chanjo alimkuta mtu na kikapu kama hicho sokoni. Alimnyang'anya, akawazika kuku wote nyuma ya ofisi kwa jembe la kuazima. Yule mtu alimtukana kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, matusi ambayo siwezi kuyaandika. Yeye aliendelea kuchimba huku akimjibu kwa wimbo wa kanisa, kwa sauti ya juu kabisa. Nilicheka siku ile. Kumbe ndivyo mtu anavyojiwekea maadui, mmoja mmoja.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mpango ulipokuwa umeshika, karibu kila mji ukileta kuku, chifu akagundua kwamba hapa kuna maendeleo. Maendeleo hayawezi kufanyika bila mgeni rasmi. Akatangaza kwamba chanjo ya msimu ule itazinduliwa na mheshimiwa, uwanjani, kwa hema na hotuba na kwaya, na mheshimiwa mwenyewe atamdunga kuku wa kwanza, apigwe picha.

Mama Chanjo alikwenda kumwona, na mimi nilikuwa naye.

"Chifu, hii kazi ni ya asubuhi. Mgeni atakuja saa ngapi?"

"Saa nne kamili."

"Saa nne yake ama saa nne yetu?"

"Mama, unataka niseme nini? Mheshimiwa ni mtu mkubwa. Wewe leta dawa."

Alikubali. Alichosema ni kwamba dawa ibaki ndani ya kasha la barafu, isiguswe, mpaka yeye mwenyewe aifungue. Chifu aliitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia.

Alfajiri ya siku hiyo watu walikuja na kuku wao wamefungwa miguu. Saa nne ikapita. Saa tano, saa sita. Kwaya iliimba nyimbo zake zote ikarudia. Jua la Mbeere mnalijua. Kuku walianza kuhema midomo wazi, na Mama Chanjo akavua viatu vyake vizuri, akawa anapita mstari mzima na kopo la maji, akiwanywesha mmoja mmoja na kuwavuta kivulini.

Mama Chanjo akiwa huko kwa kuku, chifu alikagua meza kuu. Meza ilikuwa na kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki na soda za wageni. Akauliza dawa iko wapi. Haiwezekani mheshimiwa aje kuzindua kitu asichokiona! Vichupa vikatolewa kwenye kasha, vikapangwa mstari mbele ya soda. Chifu akavitazama, akakunja uso. Vilionekana vitupu, vina vumbi tu chini. Mheshimiwa atafikiri nini, kwamba ameletwa kuzindua chupa tupu? Akamwita mtu wa josho la kuogeshea ng'ombe, ambaye alizoea bomba zao za sindano, akamwamuru avijaze. Mtu wa josho akavijaza maji ya tangi. Vikapendeza. Vikakaa pale mezani, juani, karibu saa mbili nzima. Mimi nilikuwa na watoto wa shule upande wa pili wa uwanja, nikipanga ngonjera. Niliviona viking'aa kwa mbali, nikafikiri ni mapambo; hayo mengine nilisimuliwa baadaye.

Mheshimiwa alipofika, hotuba zikasomwa, Mama Chanjo akaitwa ampe sindano. Alivaa viatu, akaenda, akashika kichupa. Nilimwona akisimama. Alishika cha pili, cha tatu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake iliyofika hadi nyuma ya uwanja:

"Mheshimiwa, hii dawa imekufa."

Mheshimiwa akatabasamu. "Imekufa? Kwani ilikuwa inapumua?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Chifu alicheka kuliko wote. Mama Chanjo hakucheka. "Ilikuwa hai, mheshimiwa. Imewekwa jua. Tukidunga hii, tunadanganya watu. Nipe wiki moja nilete ingine."

"Mama, dunga," chifu alimwambia akiuma meno.

"Sidungi."

Chifu alimpokonya sindano, akampa mtu wa josho. Picha zikapigwa. Kuku wakadungwa, mamia, mpaka jioni, huku Mama Chanjo akipita kwenye ule mstari na kumwambia kila mtu, "Hiyo ni maji. Rudi wiki ijayo. Hiyo ni maji, baba. Rudi wiki ijayo." Wakamwambia ana wivu kwa sababu hakupigwa picha. Wakamwambia anawaharibia siku. Watu ambao alikuwa amewafuata milangoni kwa miaka! Mama Ireri peke yake, na wanawake watatu au wanne wa upande wetu, walifungua kamba miguuni mwa kuku wao, wakarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata alileta dawa nyingine kutoka Embu na kuwachanja kuku wa hao wachache. Wengine walisema kuku wao wameshachanjwa na mheshimiwa, sindano mbili za nini?

Mvua zilipokuja, taifodi nayo ikaja. Ilipita Gachoka kama ufagio. Vilemba vikawa vyeupe, kuku wakasinzia, na visu vikatoka kama kawaida. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na sherehe ya mahari katika mji mmoja, wakapika kuku waliowahiwa kwa kisu na mayai yao, wakala nyama iliyolala. Nusu ya wageni walihara mpaka damu. Bibi mmoja mzee alipelekwa hospitali na hakurudi. Mama Chanjo hakusema "niliwaambia". Alikwenda matangani, akatoa hotuba yake ya bakteria wawili, na mara hii watu wakamwacha katikati ya maneno, wakageuza migongo.

Kwa sababu wakati huo walikuwa wameshapata jibu lao. Waliangalia wakaona kuku wa Mama Ireri wanatembea. Kuku wa wale wanawake watatu au wanne wanatembea. Kuku wa marafiki zake! Na si yeye aliyesimama mbele ya watu wote, mtu mzima, akatamka kwa mdomo wake kwamba imekufa? Alitamka na ikawa. Kwetu laana ya mtu mzima inaitwa kirumi, na haihitaji uchawi wala dawa, inahitaji mdomo tu. Wakristo wale, wenye Biblia kwapani, walikaa wakakubaliana kwamba dawa ilikuwa nzima mpaka Mama Chanjo alipoilaani. Jua hakuna aliyelitaja. Maji ya tangi hakuna aliyeyataja. Mtu wa josho alikuwepo, alijua, akaangalia chini. Na chifu, ambaye mkono wake ndio ulionyoosha kidole kwenye vile vichupa, ndiye aliyepeleka ripoti Embu kwamba afisa huyu amepoteza imani ya wananchi.

Alihamishiwa Meru. Niliandika kwa wakubwa kueleza nilichokiona, na mwalimu mkuu akaniita kuniuliza kama nimechoka na kazi. Siku alipoondoka, mimi na Mama Ireri tulimsaidia kufunga godoro. Kwaya haikutuma hata mtu mmoja. Alivaa vile viatu.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijamwona tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepelekwa semina mjini Meru, na mtu akanielekeza Majengo, nyuma ya msikiti, mahali kuku wa hoteli wanapochinjwa. Nilimkuta amesimama mbele ya matenga, amenenepa kidogo, mvi zimeingia, viatu vinang'aa katikati ya manyoya. Mzee mchinjaji alikuwa na kisu mkononi, anangoja.

"Huyu?" mzee aliuliza.

Mama Chanjo alimwinua kuku bawa, akatazama macho, akatazama nyuma. "Huyo sawa."

"Na huyu?"

"Huyo mrudishie mwenyewe. Akibisha mwambie aje kwangu."

Mwenye kuku alianza kulalamika, mzee akamkatiza. "Mama Daktari akikataa, mimi sichinji. Mimi ndiye nitakayeulizwa, si wewe."

Nilitaka kulia. Kumbe kuna mahali duniani alipokuwa anasikilizwa! Aliponiona alinishika mikono yote miwili, akaniuliza watoto wangu wanaendeleaje na kuwataja majina ya watoto wa mtu mwingine. Mzee alituletea chai na kutuachia benchi lake.

Nilimpa habari za nyumbani. Nilikuwa nimezibeba kwa hasira kwa muda mrefu, na nilitaka akasirike nami.

"Bado wanasema ni wewe," nilimwambia. "Mpaka leo. Amekuja kijana mpya wa mifugo, mtu mzuri, ana pikipiki na kasha jipya. Anazunguka asubuhi na hakuna anayemfungulia mlango. Wazee wamesema sindano haitaingia kwa kuku yeyote mpaka aliyelaani arudi aondoe kirumi."

Aliweka kikombe chini. "Wako na kuku tena?"

"Wako nao. Wengi."

"Hawajachanjwa?"

"Hata mmoja. Mama Ireri anataka, lakini anaogopa kutengwa."

"Na mayai?"

"Wanauza. Wanakula. Mwezi uliopita watoto wangu sita hawakuja shule, matumbo."

Hapo ndipo uso wake ulipoanguka, hapo, si nilipomwambia habari ya jina lake.

"Wanataka nini hasa?" aliuliza.

"Upuuzi. Uje mbele ya watu, ukiri ni mdomo wako ulioua dawa, halafu uwatemee kuku mate ya baraka kama mwanamke mzee. Usiwaze hata kidogo, Mama Chanjo. Aliyeianika ile dawa juani tunamjua. Yeye ndiye apige magoti."

"Mate tu?"

"Mama Chanjo!"

"Nakuuliza, Mwalimu. Ni mate tu wanataka?"

"Ni mate na uongo. Utasimama useme uongo juu yako mwenyewe, na yule mtu atakaa pale kwenye kiti anakusikiliza. Mimi siwezi kukubali."

"Wewe hujaombwa," alisema. Kisha akanishika goti, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. "Hao watoto sita, wanaitwa nani?"

Nilimtajia. Alirudia majina yote, mmoja mmoja, bila kukosea.

Alikwenda. Sikumsindikiza, nilikataa, na sijutii, maana ningetukana watu mbele ya kadamnasi. Mama Ireri ndiye aliyenieleza. Alisimama uwanjani, akasema mdomo wake ulikosea siku ile na anaomba msamaha. Akapita mbele ya kuku waliofungwa miguu, akiwatemea mate kidogo na kuwabariki kwa Kimbeere kibovu. Chifu alisimama akamsamehe kwa niaba ya wananchi, kwa maneno mazuri sana, na watu wakapiga makofi. Makofi! Alfajiri iliyofuata kijana wa pikipiki alifungua kasha lake, Mama Chanjo akamshikia kuku, na mstari ukaanzia pale mpaka nyuma ya soko. Wa kwanza kuletwa walikuwa kuku wa chifu.